Kufuli za simu kwenye stoo za kukodisha

Ndugu yangu wa Jinja, nimekuelewa: una vyumba 12 vya stoo na unajiuliza kama uweke kufuli zinazofunguliwa kwa simu.

Anza na malipo. Mteja akilipa kwa simu, ujumbe unabaki kuwa risiti, na ugomvi wa "nilishalipa" unapungua.

Kufuli chagua zenye betri na tundu la ufunguo wa kawaida. Umeme ukikatika usiku, mwenye magunia ya kahawa hatakuelewa pale mlangoni. Yalinikuta, ilibidi fundi akate komeo kwa msumeno, mteja amesimama kwenye mvua.

Kamera zielekee koridoni tu. Ukihifadhi taarifa za vitambulisho vya wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Uganda ya 2019 inakugusa. Mwone wakili kabla hujaandika mkataba.