Jibu kwa mleta uzi: kwa nini dokta hajamkata mtoto siku hiyohiyo

Mkuu, pole sana. Umeuliza mambo mawili: kwa nini daktari bingwa wa upasuaji wa watoto anamwanzishia mwanao dawa za wiki nne badala ya kuutoa uvimbe wa figo sasa hivi, na kama uweke sahihi kwenye ile karatasi ya utafiti. Mimi si daktari, nauza mahindi Kibaigwa. Ila haya yote yalinikuta na binti yangu akiwa na miaka mitatu, hapahapa Dodoma.

Mama yake ndiye aliyeugusa kwanza, akimwogesha kwenye karai. Kitu kigumu upande wa kushoto, na mtoto wala halii ukikigusa. Zahanati wakasema bandama, tukapewa dawa ya malaria. Bibi yake naye akasema bandama, tukaenda kwa mganga, akachanjwa chale. Tumbo linajaa huku mtoto anacheza na ugali wa uwele na mlenda anamaliza. Hapo ndipo ugonjwa huu unapowadanganya watu. Siku mkojo ulipotoka na damu ndipo tukapanda basi la mjini.

Altrasaundi na siti skani zikaonyesha uvimbe wa Wilms, yaani saratani ya figo inayowapata watoto. Jina hilo ni la Max Wilms, daktari wa upasuaji wa Kijerumani aliyeuandikia mwaka 1899. Mimi nikadai akatwe kesho yake. Gunia likishaoza unalitoa ghalani, huliachi wiki nne! Dokta hakukasirika. Aliniuliza, "Baba Neema, umewahi kubeba papai lililoiva kupita kiasi?"

Nikamwelewa kabla hajamaliza. Uvimbe ule mara nyingi ni laini, una ngozi nyembamba, na ukipasuka mikononi mwa mpasuaji seli zinamwagika tumboni kama mbegu. Hapo daraja la ugonjwa linapanda, na mtoto anahitaji tiba kali zaidi, mara nyingi pamoja na mionzi. Dawa za saratani, yaani vinkristini kila wiki na aktinomaisini mara mbili ndani ya hizo wiki nne, kwa kawaida huusinyaza na kuukaza. Alinieleza pia kwamba Marekani huanza na kisu na Ulaya huanza na dawa, na wanaopona wanakaribiana, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi. Ila kwa sisi tunaofika na tumbo limeshajaa, alisema, kuanza na kisu ni kucheza kamari.

Kitandani kwetu palibandikwa karatasi: USIBONYEZE TUMBO. Mkuu, hiyo ilinde kama mali yako. Kila anayepita anataka kupapasa, wanafunzi wa udaktari, shangazi waliokuja na uji, hata jirani wa kitanda. Mimi niligeuka mlinzi. Dawa zenyewe zitampa choo kigumu na nywele zitapukutika. Mpe maji ya kutosha, na homa ikipanda usisubiri asubuhi.

Kuhusu upasuaji wenyewe sina mengi, nilikuwa nje nahesabu vigae. Nilichokikumbuka ni tezi, vile vifundo vidogo ambamo saratani huweza kusambaa. Mbali na figo, dokta aliokota tezi saba kando ya mishipa mikubwa ya damu, nami nikadhani ni mbwembwe. Kumbe bila tezi hizo mtaalamu wa maabara hawezi kusema kwa uhakika ugonjwa umefika wapi, na mtoto anaweza kupewa dawa pungufu. Zetu zilikuwa safi. Za mtoto wa kitanda cha pili zilikutwa na saratani, wakasafiri hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi. Kwa hiyo muulize dokta wako kuhusu tezi, usione haya.

Kidonda kilipofunga, nyumbani wakaona yamekwisha. Ilikuwa msimu wa mavuno, tukaruka miadi moja ya dawa. Dokta mwenyewe akapiga simu. Aliniambia kuna watoto wengi Afrika wanaokufa si kwa sababu dawa imeshindwa, bali kwa sababu wazazi wameacha tiba katikati. Nilipanda basi jioni ileile.

Sasa karatasi ya utafiti. Isome kwanza, maana tafiti hazifanani. Yetu haikuwa na dawa mpya yoyote, ilikusanya taarifa tu: mliona uvimbe lini, mlienda wapi kwanza, mlichelewa kwa nini. Nikamwuliza dokta maswali hayo yanamponyaje mtu. Akanisimulia habari za Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda, aliyeandika mwaka 1958 kuhusu watoto waliovimba taya kwa saratani. Mwaka 1961 akaendesha gari kilomita kama 16,000, akipita Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, hospitali baada ya hospitali, akiuliza kama wamewaona watoto wa aina hiyo. Kwa kuuliza tu akagundua kwamba ugonjwa ule unafuata maeneo ya joto na mvua.

Nikasaini. Lakini nilipoulizwa tumekaa na uvimbe muda gani, nikasema wiki mbili, na kwamba tulitoka zahanati moja kwa moja. Niliona aibu ya zile chale, wakati mtoto alikuwa mbele yake bila shati. Aliandika nilichosema. Nilirudi wiki iliyofuata nikamwambia: dokta, ni miezi mitatu, na kwa mganga tulienda mara mbili. Akafungua faili, akakata mstari mmoja, akaandika upya juu yake, kisha akaniuliza mganga yuko kijiji gani, maana alitaka kwenda kuongea naye.