Namna ya kuonja ladha inayobeba jina la duka la aiskrimu

Duka la aiskrimu la pwani, liwe Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, mara nyingi huwa na ladha moja ya kujivunia: ubuyu, iliki na zafarani, nazi, embe. Muuzaji atakusukumia hiyo kwanza. Usianze nayo. Omba kijiko cha maziwa matupu au vanila, kwa kuwa huo ndio msingi ambao ladha nyingi za dukani hutengenezewa. Kama maziwa yenyewe yananuka friza au yana utamu wa sukari tu, viungo vitafunika kasoro hiyo, havitaiondoa.

Kabla ya hapo kunywa maji yasiyo baridi. Kahawa chungu au pilipili iache kwa baadaye. Na chukua kikombe badala ya koni, maana koni ina sukari yake na mara nyingi arki ya vanila, na hivyo vyote vitaingia kwenye hukumu yako.

Joto ndilo linalowapotosha wengi. Friza ya kuhifadhia huwa nyuzi -18 hivi, na aiskrimu ya baridi hiyo huutia ulimi ganzi usisikie kitu. Ya kuliwa inapendeza ikiwa kati ya -14 na -12. Huhitaji kipimajoto: tazama mkono wa muuzaji. Kijiko kikipita na aiskrimu ikajikunja yenyewe, ni sawa. Akilazimika kukaza mkono na vikatoka vipande vinavyovunjika, iache kikombeni dakika mbili tatu. Kisha chukua kidogo, kibandike kwenye kaakaa kwa ulimi, usitafune.

Hapo ndipo chenga zinapojitokeza, na si zote za aina moja. Zikiyeyuka papo hapo ni barafu: aiskrimu ililegea ikaganda tena, jambo la kawaida umeme ukikatika na duka halina jenereta. Maji yaliyoyeyuka hayarudi kuwa punje ndogo, hujishikiza kwenye punje zilizobaki nazo zinanenepa. Lakini chenga zikibaki ulimini kama mchanga hata baada ya baridi kuisha, hiyo ni sukari ya maziwa iliyojitenga, na kwa kawaida mtengenezaji amezidisha maziwa ya unga. Kosa la kwanza ni la siku hiyo, unaweza kurudi wiki nyingine. La pili limo ndani ya mapishi. Utando unaoganda kwenye kaakaa baada ya kumeza huashiria mafuta mazito ya mboga yaliyowekwa badala ya krimu.

Sasa ubuyu, ladha ngumu kuliko zote kuipatia. Unga wake una asidi, na ukitiwa kwenye maziwa ya moto yanakatika. Kinachotokea ni vipunje laini vyeupe visivyo na ubaridi wa chenga za barafu, vinavyoteleza kama mtindi uliovurugika. Mtengenezaji makini huloweka unga kwenye maji ya sukari, huuchuja nyuzi na mabonge, huupoza, halafu huuchanganya na maziwa yaliyokwisha kupoa hadi nyuzi 4 hivi, mwishoni kabisa kabla ya kuingia mashineni. Ubuyu una pektini nyingi, ile inayoifanya jamu ishikane, hivyo aiskrimu yake huwa nzito na laini hata bila kutiwa kigandishi. Ladha unayoitafuta ni ukakasi unaokuja nyuma ya maziwa, si mbele yake. Rangi iwe ya krimu, pengine yenye weusi mdogo wa maganda ya mbegu. Nyekundu ya kung'aa ni rangi ya chakula, ile ile ya ubuyu wa kumung'unya. Wakikunyunyizia mbegu hizo juu, waambie waziweke pembeni; ni tamu, lakini huwezi kuonja chochote chini yake.

Iliki ina mtego mwingine. Punje zikipondwa na kulowekwa kwenye maziwa ya moto kwa nusu saa, kisha zikachujwa, harufu inapanda puani maziwa yanapoyeyuka na hakuna uchungu. Unga wa iliki wa kopo, uliokaa wazi, umepoteza harufu, hivyo mtengenezaji huongeza na kuongeza mpaka unabaki uchungu mkavu nyuma ya ulimi. Zafarani nayo huacha nyuzi na harufu inayokaribia asali na nyasi kavu. Rangi ya njano bila harufu hiyo ni bizari ya manjano au rangi ya chakula tu. Karafuu ionje ya mwisho, kwa sababu yenyewe hutia ganzi.

Embe uliza msimu. Nje ya msimu itakuwa rojo ya kopo au ya friza, na hakuna ubaya wakikwambia hivyo.

Acha kijiko kimoja kiyeyuke kabisa kikombeni. Kitakuwa kitamu zaidi, maana baridi huficha sukari, lakini ladha kuu lazima ibaki. Ukiona povu limesimama lenyewe muda mrefu, hewa na vigandishi ni vingi. Ukiona maji yamejitenga chini, mchanganyiko haukushikana.

Ukinunua ya kupeleka nyumbani, ipime kwenye mizani. Nusu lita ya aiskrimu yenye hewa kidogo hufika gramu 440 hivi. Iliyojazwa hewa kiasi sawa na mchanganyiko wenyewe haifiki 300. Marekani, kwa kulinganisha, sheria inataka aiskrimu isipungue pauni 4.5 kwa galoni, takriban gramu 540 kwa lita, na iwe na angalau asilimia 10 ya mafuta ya maziwa. Ibebe kwenye kiboksi chenye barafu, uiweke ndani kabisa ya friza na si mlangoni, na ubandike karatasi ya nailoni juu ya aiskrimu yenyewe kabla ya kufunika, la sivyo kesho itanuka samaki.