Hadithi za Kubeba Kichwani Kabla ya Kuripoti JKT

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita na kuitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, maswali yenu kila mwaka ni yale yale: bukta rangi gani, raba zipi, nauli itatosha? Tangazo la kuwaita limeshajibu. Bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini. Fulana ya kijani. Shuka mbili za bluu bahari. Nunueni hivyo hivyo, msilete ubunifu. Mimi nataka kusema juu ya kitu kisichokuwemo kwenye orodha, yaani hadithi mnazosoma na kutazama wiki hizi za mwisho nyumbani.

Wazazi huenda wasiwasaidie sana. Mafunzo haya yalisitishwa mwaka 1994, yakarudi 2013, kwa hiyo mzazi aliyemaliza shule hapo katikati hakuyapitia, na jeshi analowasimulia pengine kalitoa kwenye filamu kama ninyi.

Na filamu zenyewe tunazijua: makomandoo. Si vibaya; mtu akitoka kuzitazama anapiga pushapu bila kuambiwa. Ila hamasa hiyo haifiki mbali. Kwenye filamu mafunzo ya miezi hupita ndani ya wimbo mmoja, kijana kashaiva. Hafagii, hapangi foleni ya maji, hasimami juani na sahani mkononi akingoja kombania yake, yaani kikosi chake, iitwe. Hata Willy Gamba wa riwaya za Elvis Musiba, ambaye nampenda sana, tunamkuta tayari ni mpelelezi aliyekubuhu. Kuruta, yaani mwanajeshi mwanafunzi, akijipima naye atajiona hafai wiki ya kwanza tu.

Tafuteni hadithi ya mtu aliye chini. Anayeamrishwa, anayelala chumba kimoja na watu asiowachagua, anayengoja. Mimi ningeanza na Kuli ya Shafi Adam Shafi, riwaya ya wachukuzi wa bandarini Unguja. Mizigo, msimamizi juu ya kichwa, mwili unauma na kesho ni kazi ile ile, lakini pembeni yako yupo mwenzako mnayesukumana naye. Hiyo ndiyo kambi. (Kuna mgomo mle ndani, ule wa 1948. Huo uacheni nyumbani.)

Someni jioni mkiwa mmeshakimbia na miguu imechoka, kwa sababu ndivyo mtakavyokuwa mkizihitaji hadithi hizo. Halafu shikeni tukio moja moja kiasi cha kuweza kulisimulia bila kitabu. Msitegemee simu, kambini si yenu ya kushika mtakavyo.

Kusimulia kuna faida kuliko mnavyodhani. Hangani kwetu, yaani bwenini kambini, alikuwepo kijana mmoja, mwembamba, kwata (mazoezi ya gwaride) inampiga chenga, mguu wa kushoto na wa kulia anaichanganya. Usiku taa zikizimwa alianza kutusimulia riwaya kwa sauti ya chini, kitanda cha juu, akikatisha pale pale mtu anapofungua mlango. Kesho yake tuko kwenye fatiki, kazi za mikono za kambi, majembe mkononi, watu wanamnong'oneza: "Ehe, aliyekuwa mlangoni nani?" Anacheka, hasemi. Mpaka usiku. Tangu hapo hakukosa wa kumfundisha kugeuka nyuma, tena kwa subira.

Kwenye mchakamchaka nako ni hadithi tupu. Nyimbo za Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, bado zinaimbwa na vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya 1979, na mwimbishaji mwenye kipaji huchomekea visa vyake: kuruta aliyemkumbuka mama, mchumba aliyeolewa huku nyuma. Ukiitikia kwa nguvu, pumzi inajipanga yenyewe na hatua zinalingana na za wenzako. Anayenyamaza ili atunze nguvu ndiye huchoka mapema.

Jambo moja tu msiige. Mashujaa wa kwenye vitabu huficha jeraha na kusonga mbele. Kambini malengelenge yaliyofichwa ndani ya soksi nyeusi huoza, na homa ikinyamaziwa humwangusha mtu gwarideni. Ukiona dalili, mwambie afande wako asubuhi wakati wa kuhesabiwa, uandikwe kwenye orodha ya wagonjwa, uende zahanati. Na kama una ugonjwa wa kudumu au ulemavu, toa taarifa siku ile ile unayoripoti.