Maswali ya Wasomaji: Karamu ya Hisani kwa Ajili ya Uvimbe wa Ubongo

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kisumu. Mwaka jana tulimzika mwenzetu wa kikundi aliyeugua uvimbe wa ubongo, na sasa tumeazimia kuandaa karamu ya jioni, tiketi shilingi 5,000, ili kuchangia utafiti wa maradhi hayo na kuwaenzi wagonjwa. Kamati imegawanyika. Wapo wasemao kwamba kuchangia utafiti ni kumwaga fedha ziwani, heri tulipe madeni ya hospitali. Wengine wanataka wagonjwa wapandishwe jukwaani na picha za vichwa vyao zilizopigwa hospitalini zionyeshwe kwenye skrini ili wageni waingiwe na huruma. Utushauri.
Katibu wa kamati, Milimani, Kisumu

JIBU: Ndugu Katibu, poleni kwa msiba. Madeni ya hospitali na utafiti ni mifuko miwili, na yote ni ya heri. Kosa ni kuichanganya. Tiketi ikiandikwa utafiti, fedha ziende kwenye utafiti, hata kama siku ya pili atabisha hodi mgonjwa mwenye shida ya kweli. Kwa huyo fanyeni harambee nyingine.

Wanaosema utafiti hauna tija wana hoja yao. Chukua glioblastoma, aina kali mno ya uvimbe wa ubongo kwa watu wazima. Mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililowahusisha wagonjwa 573, wengi wao wa Ulaya na Kanada: nusu ya waliopewa dawa ya temozolomide pamoja na mionzi waliishi zaidi ya miezi 14.6, ilhali kwa waliopewa mionzi peke yake ilikuwa miezi 12.1. Mtu aweza kuuliza, ndiyo hayo tu? Lakini waliofikisha miaka miwili walipanda kutoka asilimia 10.4 hadi 26.5, na hao wa ziada walikuwa baba na mama za watu. Tena matokeo hayo yasingepatikana bila wagonjwa waliokubali kushiriki huku wakijua kwamba huenda wao wenyewe wasinufaike.

Karamu yenu haitagundua dawa. Inaweza, hata hivyo, kugharimia kazi ambayo dawa huanzia kwayo. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto, ambao watu wa kandokando ya ziwa lenu wanaufahamu vyema. Mwaka 1961 alizunguka kwa gari, hospitali hadi hospitali, akiuliza ni wapi ugonjwa huo umeonekana na wapi haujaonekana, na ramani iliyotokana na safari hiyo ikawapa wanasayansi mahali pa kuanzia. Kumbukumbu safi, basi, ni utafiti. Vivyo hivyo nyama ya uvimbe iliyohifadhiwa ipasavyo kwenye formalini, dawa ya maji ya kuzuia isioze, kwa sababu tangu mwaka 2021 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unazitambua aina nyingi za uvimbe wa ubongo kwa vinasaba vyake, si kwa kuutazama kwenye darubini pekee. Waulizeni wahusika katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi, au KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pale Kisian, ni mradi gani wa namna hii unaohitaji karani wa kumbukumbu au vifaa vya maabara, na mhakikishe una idhini ya kamati ya maadili pamoja na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, kabla ya kuandika hundi.

Kuhusu jukwaa, nakataa waziwazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, kwa hiyo picha za kichwa chake hazionyeshwi bila ridhaa yake. Sheria kando, uvimbe wa ubongo waweza kumnyang'anya mtu maneno, na kumkabidhi kipaza sauti mbele ya wageni 200 ili akwame katikati ya sentensi si kumuenzi. Muulizeni kila mgonjwa faraghani, yeye mwenyewe, si kupitia kwa mwanawe, angependa nini. Mmoja atataka kusema, mwingine kuketi tu na jamaa zake bila kutajwa jina. Na anayemuuguza nyumbani aalikwe pia, bila kuuziwa tiketi.

Jambo la mwisho ni dogo ila kamati nyingi hulisahau: anzeni saa kumi na mbili jioni kamili, kwa kuwa uchovu wa maradhi haya haungojei hotuba za waheshimiwa, meza za wagonjwa ziwe mbali na spika, na taa za kumetameta zizimwe, kwani baadhi yao hupatwa na degedege.