Pikipiki ya majini inalia "tak" halafu kimya: usinunue stata bado

Mkuu, umesema chombo chako ni cha zamani, injini ya mipigo miwili. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia kinalia "tak" na dashibodi inafifia, siku nyingine kinawaka kama hakijawahi kuumwa. Betri umeshabadilisha, sasa unafikiria stata (mota inayozungusha injini iwake). Ngoja kwanza. Mimi nilipita njia hiyohiyo: nikanunua betri, nikanunua rilei ya stata (swichi inayoipelekea stata umeme), tatizo likabaki palepale.

Kabla ya kugusa chochote, vua kiti uache hewa iingie. Mvuke wa petroli hutuama chini ndani ya bodi, na cheche moja ya rilei inatosha kukulipukia. Hili sitanii.

Kilichoniokoa ni multimita ya kawaida, yaani kipima umeme. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.7, safi. Nikambonyezesha mtu kitufe huku nasoma: 12.1. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka mapema. Stata inayovuta umeme sawasawa huishusha betri hadi 10 au 11 hivi. Betri isiposhuka na stata haizunguki, mara nyingi umeme umezibwa njiani.

Basi nikaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya nega (hasi) ya betri, nguzo yenyewe, siyo kibano chake, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini. Bonyeza: volti 7! Waya usio na kasoro haupaswi kupoteza hata nusu volti. Kwa macho ulikuwa mzuri, bolti zimekaza, sijauona na kosa miaka yote. Nikachana mpira pale waya unapoingia kwenye kichwa chake, ikamwagika unga wa kijani. Nyuzi chache tu ndizo zilizokuwa zimeshika. Ndiyo sababu siku nyingine iliwaka: mtikisiko ukizigusanisha, unapata umeme, zikiachana, "tak". Na ndiyo sababu dashibodi ilififia, maana nayo inategemea nega hiyohiyo.

Pima na upande wa posi (chanya) kwa mtindo huohuo: betri hadi rilei, rilei hadi stata. Ukikuta waya mbovu weka mpya, ikiwezekana ule wenye nyuzi zilizopakwa bati, na kichwa ukivalishe mpira wa kunywea kwa joto wenye gundi ndani. Tepu ya umeme hapo ni kujidanganya, inafuga maji.

Ukibonyeza na hakuna hata "tak", hiyo ni hadithi nyingine: angalia fyuzi (itoe, ipime, usiiamini kwa macho), swichi ya kamba ya usalama (ile inayozima injini ukianguka), na soketi zinazoingia kwenye boksi la umeme. Lile boksi lifungue. Mpira wake ukizeeka maji yanaingia, na ukikuta chumvi ndani umeshapata pa kuanzia.

Ikishawaka, pima chaji. Betri isome kati ya 13.5 na 14.5 injini ikizungushwa kasi kidogo. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, kagua soketi za steta (koili zinazozalisha umeme) na rektifaya (kifaa kinachougeuza umeme huo uchaji betri) kabla ya kulaumu vifaa vyenyewe. Kamwe usichomoe betri injini ikiwa inazunguka. Rektifaya inaweza kwenda hapohapo.

Na usiiache ikinguruma nchi kavu, maji ya kupoza injini yanatoka kwenye pampu inayosukuma chombo, na nchi kavu haina cha kuvuta. Sekunde chache tu uzime. Ukitumia bomba la maji, washa injini kwanza ndipo ufungue maji, na wakati wa kumaliza funga maji kabla ya kuzima, la sivyo maji yatarudi ndani ya silinda.

Pima hiyo nega ukiwa umebonyeza kitufe, urudi na namba uliyoipata tuendelee kutoka hapo.