Kabla Hujaiwasha Hayes, Kagua Breki

Msomaji mmoja aliyeko Nanaimo, kwenye kisiwa cha Vancouver huko Kanada, ameniandikia wiki hii. Amepata Hayes HDX, lile gari kubwa la magogo, iliyolala miaka mingi kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Betri mpya anazo, dizeli anayo, na anataka kujua aanzie wapi ili injini ingurume Jumamosi. Mdogo wangu, Jumamosi usiiwashe. Chukua tochi, ingia chini ya gari.

Video za namna hii zimejaa mtandaoni: injini inatoa wingu la moshi, watu wanapiga vigelegele, na hakuna aliyeweka hata kabari moja chini ya gurudumu. Inaniuma, kwa sababu magari haya yamebaki machache na kila linaloharibiwa kwa pupa halina mbadala. Hayes walitengeneza magari katika jiji la Vancouver tangu miaka ya 1920 mpaka kiwanda kikafungwa 1975. Pacific, wapinzani wao wakubwa, walianza 1947 wakiwa watu waliotoka Hayes humohumo. Mengi ya magari yao yameshakatwa na kuuzwa kwa kilo.

Elewa kwanza kazi ya gari hili. Lilipanda mlima tupu, tela likiwa limebebwa mgongoni, na likashuka limesheheni. Barabara zilikuwa za makampuni ya mbao yenyewe, hazina mizani, ndiyo maana vitanda vya magogo, vile vyuma vya mgongoni vinavyolaliwa na mzigo, viliweza kufika upana wa futi 14, zaidi ya mita 4. Kwetu Afrika Mashariki sheria ya mizani inakomea tani 56 kwa gari na tela lake. Kule tani 100 ilikuwa kazi ya kawaida. Sasa piga hesabu: tani 100 zikishuka kimo cha mita 500 zinatoa joto la kutosha kugeuza mvuke karibu lita 190 za maji baridi. Sehemu ya joto hilo humezwa na breki ya injini na msuguano wa barabara. Linalobaki linaishia kwenye ngoma za breki. Kwa hiyo thamani ya gari hili iko kwenye uwezo wa kusimama, na ukaguzi uanzie hapo.

Weka kabari kubwa za mbao pande zote mbili za magurudumu, mbele na nyuma. Breki za springi zinashika pale upepo wa breki, ile hewa iliyoshindiliwa kwenye matanki, unapokuwa haupo. Ukiwasha injini, kompresa inajaza matanki, springi zinaweza kuachia, na gari likaanza kutembea lenyewe huku wewe uko chini yake. Kama gari lako halina breki za springi, basi lililolizuia muda wote huo ni tope na kutu tu.

Usiguse nati yoyote ya gurudumu kabla ya kutoa upepo wote wa tairi. Rimu nyingi za zamani zina ringi ya kufungia, na ringi iliyoliwa na kutu ikifyatuka inaua. Fungua ule moyo wa valvu, utoe kabisa, pitisha waya kwenye tundu uhakikishe halijaziba. Tairi zote mbili za gurudumu pacha, si ile ya nje peke yake. Wakati wa kujaza, tumia kizimba cha chuma na mpira mrefu, usimame pembeni.

Ngoma ikitoka, isugue kwa brashi ya waya. Nyufa nyembamba kama unywele juu ya uso wa ndani ni alama za joto, hazitishi. Ufa uliofika ukingoni, au uliopenya mpaka upande wa nje, hauna dawa: usichomelee, tafuta ngoma nyingine. Madoa ya bluu yanaonyesha ilipata moto kupita kiasi. Soma kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa, kilichogongwa kwenye ngoma, kisha pima sehemu tatu tofauti, maana ngoma iliyokaa muda mrefu huliwa na kutu upande mmoja. Lini, ile bitana ya msuguano inayobandikwa kwenye kiatu cha breki, unene wake usipungue milimita 6 katikati ya kiatu. Viatu vinaweza kubandikwa lini mpya bila shida. Ngoma ndizo zitakazokutesa kuzipata, kwa hiyo zikague kabla hujakubaliana bei.

Upepo wa breki unaweza kuupima bila injini. Mwaga matanki yote mpaka maji na oili chafu viishe, kisha unganisha kompresa ya gereji na ujaze mpaka psi 100, yaani ratili 100 za msukumo kwa kila inchi ya mraba. Kanyaga pedali, mtu mwingine atazame geji: isishuke zaidi ya psi 3 kwa dakika kwa gari peke yake, au 4 likiwa na tela. Hapohapo pima fimbo za busta, yale makopo ya upepo yanayosukuma breki. Kama ni busta za kawaida za namba 30, fimbo ikitoka zaidi ya inchi 2, breki hiyo haishiki sawasawa.

Sasa maji. Nyuma ya kebini kuna tanki, na mabomba yanayopeleka maji kwenye ngoma kuzipoza. Ndani ya mabomba utakuta kutu, matope, viota vya wadudu, na mipasuko ya barafu mahali ambapo mtu hakumwaga maji kabla ya baridi. Weka ndoo moja chini ya kila gurudumu, fungua valvu kwa dakika moja, linganisha ndoo. Zikipishana sana, gurudumu linalopata maji kidogo litachemka, litapoteza nguvu, na mzigo wote wa kushika utahamia kwa mengine. Na maji yanafunguliwa juu ya mlima, ngoma zikiwa bado baridi. Anayesubiri mpaka zitoe moshi ndipo afungue, anazipasua.

Injini ije baada ya hayo. Kama ni Detroit ya mipigo miwili, mfano 12V71, hatari yake kubwa baada ya kulala ni injekta, kile kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda, kuganda ikiwa kwenye mafuta mengi. Ikiwaka hivyo inapanda mizunguko yenyewe, na swichi ya kuzimia haitasaidia kitu. Fungua vifuniko vya valvu, sogeza kila injekta kwa mkono: zote ziteleze bila kukwama. Jaribu pia vile vifuniko vya dharura vya kukata hewa juu ya blowa, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini. Vidondoke na kufunga kabisa. Hata hivyo mweke mtu mwenye kipande cha mbao nene karibu na mdomo wa hewa, tayari kuuziba. Mkono hapana, wala tambara.

Kabla ya kupiga stata, legeza plagi ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, uache kidogo kitoke. Maji hukaa chini ya oili, kwa hiyo yakianza kutoka maji, acha, tafuta yalikopita. Tia oili ya SAE 40, daraja moja. Jaza filta za dizeli kwa mkono. Zungusha injini kwa spana mzunguko mzima ukihisi kama kuna mahali inagoma, halafu piga stata mafuta yakiwa yamekatwa mpaka geji ya oili ipande. Hapo ndipo unaruhusu mafuta.

Difu na habu za magurudumu, mwaga oili yote uitazame: nyeupe kama maziwa ni maji, vipande vya chuma ni meno ya gia. Tela liache mpaka gari lenyewe lisimame vizuri tambarare, tupu, mara nyingi. Ukishapima ngoma zote, nitumie vipimo na picha za kila ufa, tuvitazame pamoja kabla hujalipa.