Uliza Tukujibu: Wakaguzi waliingia kliniki ya meno nikiwa kwenye kiti

SWALI: Mwangaluka Anti. Mimi naishi Buzuruga hapa Mwanza. Mwezi uliopita gego la chini lilinitesa, nikaenda kliniki moja ya binafsi huko mjini, pazuri sana, taili zinang'aa, kiyoyozi, tivii ukutani. Nimeshachomwa ganzi, mdomo umekufa upande mmoja, mara wakaingia watu watatu na mafaili wakasema wao ni wakaguzi. Dokta akatoka kuongea nao, mimi nikabaki na dada msaidizi. Nikasikia wanaulizia daftari la kitu wanaita otokilevu na yule dada akawa anafungua makabati tu hasemi kitu. Baadaye dokta akarudi akaniziba jino, nikalipa nikaondoka. Sasa sina amani kabisa. Walikuwa wanatafuta nini? Na mimi nijuaje kama vile vifaa vilikuwa salama? (Mama wa wawili, Buzuruga)

JIBU: Mwangaluka mama, pole na jino na pole na hofu. Kwanza nikwambie wakaguzi kuingia siyo lazima kuna mtu kachongea. Kliniki ya binafsi hapa kwetu inafunguliwa kwa usajili chini ya sheria ya hospitali binafsi ya mwaka 1977, ile iliyorekebishwa 1991 ndo watu binafsi wakaruhusiwa tena kutoa tiba kwa biashara, na wanaosimamia ni Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi iliyo chini ya Wizara ya Afya, pamoja na timu za afya za mkoa na za halmashauri. Kwa hiyo kukaguliwa ni sehemu ya kuwa na leseni, kila mwenye kliniki analijua hilo tangu siku anaomba.

Sasa wanatafuta nini. Makaratasi yanaangaliwa haraka: cheti cha usajili wa kituo, halafu watu wenyewe, yaani kila anayegusa mdomo wa mgonjwa awe amesajiliwa na ana leseni hai. Hapa wengi hatutofautishi. Kuna daktari wa meno mwenye digrii, kuna tabibu wa meno mwenye diploma, kuna fundi sanifu wa maabara anayetengeneza meno ya bandia, na kila mmoja ana mipaka yake. Fundi wa meno ya bandia haruhusiwi kukung'oa jino hata kama anajua kushika koleo, na hilo ndo wakaguzi wanaliuliza, nani anafanya nini, siyo nani kavaa koti jeupe. Kama kuna eksirei basi inaingia Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, mashine iwe na kibali chao na wafanyakazi wavae vile vibeji vya kupimia mionzi.

Ila roho ya ukaguzi wa kliniki ya meno mama siyo makaratasi wala taili. Ni safari ya kifaa kutoka mdomoni kwa mgonjwa wa saa tatu mpaka mdomoni kwa mgonjwa wa saa nne. Mdomoni kuna mate, kuna damu, na kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili si chini ya siku 7, damu imeshakauka hata huioni. Ndo maana kufuta kwa spiriti hakutoshi, na kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi pia maana kuna vijidudu vinajifungia kwenye ganda vinavumilia maji yanayotokota. Kifaa kinatakiwa kioshwe kwa sabuni na brashi kwanza, kikaushwe, kifungwe kwenye kimfuko chake, ndo kiingie otokilevu, ile mashine ya mvuke wenye presha, nyuzi 121 kwa dakika 15 au 134 kwa dakika 3 hivi, inategemea mashine. Na dakika zinahesabiwa joto likishafika, siyo tangu ulipobonyeza swichi.

Daftari ulilosikia linaulizwa ni la kuandika kila mzunguko wa hiyo mashine: tarehe, saa, joto limefika ngapi, nani kaendesha. Ukiliangalia daftari la kweli lina madoa, lina siku umeme ulikatika katikati ya mzunguko na mtu kaandika "umerudiwa". Maana hapa Mwanza umeme ukikatika mzunguko ukiwa dakika ya 9 huwezi kumalizia dakika zilizobaki, inaanza upya. Kliniki isiyo na jenereta wala seti za akiba za vifaa siku hiyo inatakiwa iwarudishe watu nyumbani. Najua inauma kwa biashara, lakini hakuna njia nyingine.

Kitu kingine ambacho wagonjwa hawakijui na mimi kinaniumiza sana kila nikikikuta ni kichwa cha drili. Wengi wanabadilisha ile sindano ndogo inayochonga tu, kichwa chenyewe wanakifuta wanaendelea na mgonjwa mwingine. Kumbe drili ikizimwa inaweza kuvuta mate na damu ikaingia ndani yake, halafu ikiwashwa kwako inayatema. Kichwa kinatakiwa kivuliwe kiingie otokilevu kila baada ya mgonjwa, kwa hiyo kliniki inayohudumia watu wengi kwa siku ikiwa na kichwa kimoja, hesabu yenyewe haikubali, mkaguzi mzuri anahesabu vichwa na anahesabu wagonjwa kwenye rejista, anapata jibu bila kumuuliza mtu.

Maji nayo. Hata kama ya bomba ni safi, yakikaa kwenye simtanki na kwenye vile vipaipu vyembamba vya kiti usiku kucha yanaota utelezi wa bakteria. Vipaipu vinatakiwa vifunguliwe vimwagwe dakika kadhaa asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, na sekunde 20 au 30 kati ya mtu na mtu.

Sasa wewe ufanyeje. Kama hukuona kimfuko kinafunguliwa mbele yako sina uwezo wa kukwambia kama ulikuwa salama au la, na kabati kufunguliwa siyo ushahidi kwamba vifaa ni vichafu, huenda daftari liliwekwa pengine tu. Nenda kapime homa ya ini B na VVU, hospitali ya mkoa ya Sekou Toure wanapima na hata kituo cha afya kilicho karibu na wewe waulize, ukipima sasa halafu ukarudia baada ya miezi mitatu utajua umesimama wapi. Kama homa ya ini haipo, omba chanjo, kwa mtu mzima ni dozi 3, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza.

Na ukirudi kuziba jino lingine, kokote utakakoenda, ukikaa tu kwenye kiti sema hivi: "Dokta naomba unifungulie vifaa nikiona." Kimfuko kina alama inayobadilika rangi ikipita kwenye joto. Glavu avae mpya mbele yako. Ganzi ile ya kichupa kidogo ni ya mtu mmoja, iliyobaki inatupwa, haisubiri mgonjwa anayefuata. Na kabla hajakuchoma akuulize kama una presha, kisukari, ujauzito, dawa za kulainisha damu, asipouliza mwambie mwenyewe. Daktari anayejiheshimu haudhiki na hayo maswali, wengi wanafurahi maana wanajua mgonjwa anaelewa anacholipia.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni msaidizi kwenye kliniki ya meno, sijasomea, nilifundishwa hapohapo kazini. Bosi kasikia wakaguzi wanakuja, kanipa daftari jipya la otokilevu nijaze miezi mitatu yote, kanipa na kalamu tofauti tofauti, ya bluu na nyeusi, ionekane iliandikwa siku tofauti. Naogopa kukataa nitafukuzwa. Na mwezi wa nne nilijichoma na sindano iliyotumika, nikaosha tu nikaendelea na kazi. (Binti, Nyegezi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na mwisho maana ndo mzito. Mtu akichomwa na sindano iliyotumika anaosha kwa maji yanayotiririka na sabuni, hakamui, halafu anakimbia hospitali hapohapo, siyo kesho, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, mapema zaidi ndo bora, na zinamezwa siku 28. Kwako muda huo umepita, kwa hiyo nenda ukapime wiki hii VVU na homa ya ini, usiende peke yako kama unaogopa. Na uchanjwe, mwajiri ndo alitakiwa akuchanje kabla hujashika hata kile kioo kidogo cha kuangalia mdomoni. Mkaguzi akikuuliza kuhusu chanjo mjibu ukweli, kosa siyo lako.

Daftari usijaze. Nasema hivyo nikijua kodi ya chumba Nyegezi haisubiri. Lakini fikiria, mwandiko ni wako, jina ni lako, siku mgonjwa akipata madhara wakafuatilia, aliyeandika "nyuzi 121, sawa" siku ambayo umeme haukuwepo ni wewe, na rekodi za kukatika kwa umeme zipo. Mwambie bosi kwa adabu: "Bosi, tuanze daftari leo, na wakija tuwaambie tumeanza leo." Ukaguzi una nafasi ya hiyo, kliniki inayosema hapa tulipungukiwa na tumeanza kurekebisha mara nyingi inapewa maelekezo na muda wa kurekebisha, ila kliniki iliyokamatwa na rekodi za kupika inakuwa haiaminiki hata kwenye mambo iliyofanya vizuri. Kuna mabosi wanaelewa wakielezwa hivyo. Akikazania, mwombe aandike yeye na asaini yeye.

Halafu kabla hawajaja fanyeni yale ya kweli, siku hizi chache zinatosha kwa mengi. Sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano, isizidi robo tatu, ikifika hapo ifungwe. Taka zenye damu zisichanganywe na maganda ya chakula cha mchana, kila bini na rangi yake. Glavu nene za kuoshea vyombo ziwepo, maana wengi tunaosha koleo kwa zile glavu nyembamba za mdomoni ndo tunachanika. Na mwambie bosi akutafutie mafunzo, haipendezi msaidizi asiyesomea aachiwe kazi ya kutakasa vifaa ambayo ndo moyo wa kliniki nzima.

SWALI: Nikitaka kulalamika niende wapi? Nilienda ofisi moja wakanirusha nyingine. (Msomaji, Igoma)

JIBU: Angalia kliniki ipo upande gani, siyo wewe unaishi wapi. Igoma, Nyegezi, Buhongwa na katikati ya mji ni wilaya ya Nyamagana, hapo ni kwa Mganga Mkuu wa Jiji. Kirumba, Pasiansi, Nyakato, Buzuruga ni wilaya ya Ilemela, nenda halmashauri ya manispaa Buswelu. Kama lalamiko ni la kituo, uchafu, vifaa, kutokuwa na usajili, ni hao. Kama ni la mtu, kwa mfano dokta kakung'oa jino zima akaacha bovu, au kakufanyia kitu hujaridhia, hilo linafika Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo kwa sheria ya 2017 ndo linasimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalam wa afya shirikishi, na linaweza kumuonya mtu, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista.

Andika barua, usiende kwa mdomo tu. Tarehe, kliniki ilipo, ulifanyiwa nini, umeona nini kwa macho yako, ambatanisha kopi ya risiti na kopi ya eksirei kama unayo, orijino baki nazo. Peleka nakala mbili, moja wagonge mhuri wa kupokea uondoke nayo, hapo hawatakurusha tena.